Kwenye nguzo za mawe za Turkana: safari ya Babati hadi Lothagam na Kalokol

Huku kwetu Manyara, kwenye nyanda za juu za Mbulu, kuna mahali panaitwa Luxmanda. Wafugaji waliishi hapo karibu miaka 3,000 iliyopita, wakaacha vyungu, mawe ya kusagia na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wanaakiolojia Katherine Grillo na Mary Prendergast, pamoja na Watanzania Audax Mabulla na Agness Gidna, wamepachunguza, na ni miongoni mwa makazi ya kusini kabisa ya wafugaji wa enzi hizo. Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi hawachoki kuuliza hao watu walitoka wapi. Jibu linaelekea kaskazini, Ziwa Turkana la Kenya, ambako ufugaji ulifika karibu miaka 5,000 iliyopita. Huko wafugaji wa mwanzo walijenga makaburi makubwa ya pamoja, kama Lothagam na Kalokol, na kuyasimamishia nguzo za mawe. Nimeyasoma miaka mingi. Likizo ya Juni nikaamua kwenda kuyaona, nikiwa na mdogo wangu aliyebeba kamera.

Nimeandika haya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari langu na picha zake.

Jumamosi: Babati, Arusha, Namanga, Nairobi

Coaster ya alfajiri hadi Arusha, kisha gari dogo la Nairobi kwa shilingi 40,000 za kwetu. Namanga tulikaa foleni muda mrefu kwa sababu mabasi mengine mawili yalikuwa yametutangulia. Kituo ni cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Kadi ya homa ya manjano iweke mkononi, usiifungie kwenye begi lililo juu ya gari. Fedha badilisha dukani au benki, achana na vijana wanaokufuata na mafungu ya noti.

Nairobi tulifika jioni, tukapata gesti ya KSh 1,800 karibu na stendi.

Jumapili: Nairobi, kisha basi la usiku

Kwa kuwa basi la Kitale lilikuwa la usiku, mchana tulikwenda Makumbusho ya Taifa. Hapo ndipo inapohifadhiwa mifupa ya kijana aliyepatikana Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka 1984, ambaye umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu. Watu wengi wakisikia Turkana humfikiria yeye tu. Ni haki yake, lakini katikati ya kijana yule na sisi kuna habari ndefu, na ya makaburi ya mawe haipati hata robo ya sifa inayostahili.

Nauli ya Kitale ilikuwa KSh 1,500. Usiku ulipita bila jambo la kusimulia.

Jumatatu: Kitale hadi Lodwar

Nissan za Lodwar zinajaza mapema. Ukitaka kiti cha mbele uwe stendi saa kumi na mbili asubuhi. Tulilipa KSh 1,500 kila mmoja, tukanywa chai ya maziwa na chapati mbili mbili (KSh 120 kwa mtu), tukaondoka.

Kapenguria ilikuwa baridi ya sweta. Barabara inateremka Kamatira, inapita Ortum milima ikiwa imekubana kulia na kushoto, inachomoza Marich, na hapo hewa inabadilika mara moja. Kufika Kainuk, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, sweta zote zilishaingia mifukoni na kila dirisha lilikuwa wazi. Lami ni nzuri sehemu kubwa ya njia. Wenyeji bado wanashauri kipande cha Marich hadi Lokichar kipitwe mchana, na uulize hali ya usalama Kitale kabla hujakata tiketi. Nami nawashauri hivyo hivyo.

Kabla ya Lokichar tairi la nyuma lilipasuka. La akiba lilikuwapo ila halikuwa na upepo. Dereva alisimamisha pikipiki, akaondoka nalo, nasi tukabaki kwenye jua ambalo sijawahi kuliona Babati. Hazikupita dakika kumi, mama mmoja akatoka kwenye boma lililokuwa mita kama mia mbili kutoka barabarani, shingo yake imejaa shanga hadi kidevuni, akatupungia mkono. Alitandika mikeka ya ukindu chini ya mgunga, akachemsha chai ya rangi yenye sukari nyingi, akawahudumia abiria wote kwa vikombe vitatu, kikitoka kwa mmoja kinasuuzwa na kwenda kwa mwingine. Hakujua Kiswahili, nami Kiturkana changu kilikuwa neno moja la salamu, "Ejoka". Alilipokea kwa furaha kana kwamba nimetoa hotuba. Tulipotaka kumlipa alikataa. Abiria mmoja aliyejua lugha akatuambia tumpe majani ya chai na sukari kwa ajili ya mgeni atakayefuata, na hilo alilikubali.

Chini ya mgunga ule palikuwa na mzee, askari mstaafu, aliyekuwa anarudi kwao Lokichar. Alipojua tunakwenda kutazama mawe akaniuliza, "Mwalimu, kazi ile si ya Wamisri?" Nimeulizwa swali hilo Tanzania pia, na mara nyingine wanataja Wazungu. Nikamweleza kwa miaka. Kaburi la Lothagam lilianza kujengwa karibu miaka 5,000 iliyopita. Piramidi kubwa ya Giza, kule Misri, ina miaka kama 4,500. Mafundi wa Farao hawakuwa wamezaliwa.

Na Ulaya je? Huko nako yapo makaburi ya mawe makubwa, mengi sana, kuanzia Hispania hadi Skandinavia. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani elimu hiyo ilitoka Mashariki ya Kati, kisha wakadhani kila nchi ilianza yenyewe. Mwaka 2019 Bettina Schulz Paulsson wa Chuo Kikuu cha Gothenburg alitoa utafiti uliokusanya vipimo 2,410 vya kaboni, vile vinavyoonyesha umri wa mabaki ya kale. Ulionyesha kuwa makaburi ya mwanzo ya Ulaya yako kaskazini-magharibi ya Ufaransa, zaidi ya miaka 6,500 iliyopita, na kwamba desturi ilienea kwa njia ya bahari, pwani hadi pwani. Newgrange ya Ireland ina miaka kama 5,200. Kwa hiyo Ulaya ilitangulia kwa miaka, lakini hakuna kitu chochote kinachounganisha mabaharia wale na wafugaji wa Turkana. Vyungu ni vingine, shanga ni nyingine, namna ya kuzika ni nyingine. Binadamu wa sehemu mbalimbali walifikia, kila kundi kwa sababu zake, wazo la kumsimamishia marehemu jiwe ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Basi ni ya hapa hapa," akasema, akageuka kumweleza mama mwenye boma kwa Kiturkana.

Tairi lilirudi baada ya saa tatu hivi. Lodwar tuliingia giza limeshatanda.

Jumanne: Lodwar

Siku ya kupumzika na kuomba ruhusa. Gesti KSh 2,000 kwa chumba chenye feni. Lipia feni, usilipie televisheni. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi mji unajificha vivulini, na mgeni afanye hivyo pia.

Kwa anayefuata nyuma yetu: Lothagam hakuna geti, bango wala duka. Iko kwenye ardhi ya jamii, na ni eneo la urithi linalolindwa na sheria ya Kenya. Anza kwenye ofisi za kaunti zinazohusika na utamaduni, uelekezwe kwa chifu wa eneo, na mpate mwenyeji wa kuwasindikiza. Usijaribu peke yako hata kama una ramani kwenye simu, kwa sababu njia za mchangani zinahama kila mvua ikinyesha na mtandao unakatika. Sisi tulipata Land Cruiser na dereva kwa KSh 15,000, mafuta ndani yake. Mwenyeji tulimpa KSh 2,000. Maji tulibeba madumu mawili ya lita 20, na jioni lilikuwa limebaki moja tu, tena nusu.

Chakula cha usiku kilikuwa ngege wa kukaanga, mzima, na ugali, KSh 400. Samaki wa ziwa hili ana mnofu mtamu. Wawili tulimaliza watatu.

Jumatano: Lothagam

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea upande wa Kerio. Lami ikaisha, changarawe ikaisha, ukabaki mchanga. Kabla ya korongo kubwa la kwanza, ambayo huku wanayaita laga, dereva alishuka na kijiti, akakibonyeza kwenye valvu ya kila tairi na kuhesabu kwa sauti ya chini. "Tairi likiwa gumu litachimba, likilegea litaelea," alisema. Tulivuka bila kukwama, mikoma ikiwa imejipanga kingoni, na matunda yake ya kahawia yakiwa yametapakaa chini. Tulitafuna kidogo. Ganda lake lina utamu wa mkate wa tangawizi.

Lothagam unaiona kutoka mbali, migongo ya mawe meusi ya volkano na katikati yake udongo mwekundu. Wataalamu wa visukuku wanaijua kwa sababu nyingine. Meave Leakey na wenzake walifanya kazi hapa kuanzia 1989 hadi 1993 wakitafuta wanyama wa miaka milioni tano hadi saba iliyopita. Sisi tulipita udongo huo mwekundu tukaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Ukifika bila kujua unaangalia nini, utaona jukwaa pana la mawe, duara la kama mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, limeinuka kidogo kutoka ardhini, na upande wa mashariki nguzo za basalti, yaani jiwe lile jeusi la volkano, nyingine zimesimama, nyingine zimeinama, nyingine zimelala. Jirani yake kuna miduara midogo ya mawe na vilima vya mawe. Mashimo ya wachimbaji yamefukiwa vizuri. Usitegemee kuona mifupa, wala usitamani.

Kilicho chini yake ndicho kilichonitoa Babati. Mwaka 2018 Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao walitangaza matokeo ya kazi yao ya miaka kadhaa hapa. Wajenzi walianza kwa kuondoa mchanga wa ufuko wa zamani, eneo la mita za mraba kama 120, mpaka wakafika kwenye mwamba. Wakalizungushia shimo hilo mabamba ya mawe. Ndani yake wakachimba makaburi kwenye mwamba wenyewe, ambao ni laini, wakazika, wakazika tena, kizazi baada ya kizazi, kwa karne kadhaa. Nafasi ilipojaa wakalifunika shimo lote kwa kifusi cha mawe, juu wakatandaza kokoto, na nguzo wakazileta kutoka umbali unaofika kilometa moja. Sehemu iliyochimbwa ni ndogo, lakini kwa msongamano wa makaburi yaliyoonekana wanakadiria kuna watu wasiopungua 580.

Watu 580! Nilisimama ukingoni nikijaribu kuwaweka akilini. Shule yetu ina wanafunzi karibu na idadi hiyo, na wakiwa mstarini asubuhi wanajaza uwanja.

Wamo wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wamelala karibu karibu. Hakuna upande wa wakubwa na upande wa wadogo. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo, mtoto kwa mkubwa: shanga za kaka la yai la mbuni, pambo la meno ya kiboko, shanga za mawe ya rangi kama amazonaiti ya kijani-samawati na kalsedoni. Mtu mmoja alikuwa na meno 405 ya panya wadogo wa jangwani karibu na kichwa, na ili kuyapata ilibidi panya wasiopungua 113 wakamatwe. Huenda lilikuwa pambo la kichwani. Fikiria mikono mingapi ilitega, ikang'oa, ikapanga.

Hili ndilo ningependa liingie kwenye vitabu vyetu vya shule. Tumezoea kufundisha kwamba kazi kubwa za mawe hutaka kwanza mfalme, kodi na ghala la nafaka, kwamba mtu lazima aamrishe ndipo wengine wabebe. Lothagam inakataa. Waliojenga walikuwa wafugaji wa kuhamahama, hawakuacha ikulu wala hata kijiji kinachojulikana karibu na hapa, na waliozikwa hawakutenganishwa kwa cheo. Walikusanyika, wakakubaliana, wakabeba.

Kwa nini wakati ule, na kwa nini mahali pale? Jibu la watafiti linaanzia kwenye maji. Zamani Turkana ilikuwa na mvua nyingi, ziwa likiwa karibu mita 90 juu ya usawa wa leo, likifurika hadi kumwaga maji kuelekea Nile. Kisha mvua zikapungua. Kati ya miaka kama 5,300 na 3,900 iliyopita ziwa lilishuka kwa makumi ya mita na kupoteza karibu nusu ya eneo lake. Fuko za kuvulia zikahama, majani mapya yakaota palipokuwa maji, na mifugo ikaingia kutoka kaskazini pamoja na watu wapya. Katika mahangaiko hayo mtu hakujua mwakani atachunga wapi, lakini alijua atarudi wapi kuzika. Kaburi likawa mahali pa kukutana, pa kupeana habari za malisho, pa kuoana na kupatana. Hayo ni maelezo ya Hildebrand na wenzake, na nilipokuwa nimesimama pale, ufuko ukiwa mbali mashariki na chini yangu mchanga wa ufuko wa kale, sikuona sababu ya kuyapinga.

Mwenyeji wetu, mzee wa makamo mwenye fimbo na kigoda chake cha mkononi, alitusimamisha karibu na ukingo. "Mwalimu, njoo, lakini mguu wako uwe hapa." Akanionyesha kwa ncha ya fimbo, bila kugusa. Ilikuwa shanga moja ya kaka la yai la mbuni, ndogo kuliko punje ya dengu, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, imefukuliwa mchangani na mvua. Nilipiga magoti. Ukingo wake ulikuwa umesuguliwa ukawa mviringo kamili, na tundu la katikati lilikuwa pana pande zote mbili na jembamba katikati, kwa sababu fundi alitoboa upande mmoja, akaigeuza, akatoboa wa pili mpaka matundu yakakutana. Mdogo wangu aliipiga picha. Tuliiacha ilipo. Tafadhali nanyi iacheni. Kitu kikishaondolewa mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua kilikuwa cha nani.

Nilimuuliza mzee kama Waturkana huwahesabu waliozikwa pale kuwa babu zao. Alisema hapana, wao walifika baadaye sana na waliyakuta mawe. "Lakini mtu akilala ardhini mwako ni mgeni wako," alisema. Mbuzi huchungwa pale, ila watoto wanakatazwa kuchezea nguzo.

Tulikula mchana kivulini mwa gari: chapati za Lodwar, mayai ya kuchemsha na maziwa ya mgando ambayo mzee alikuja nayo kwenye kibuyu. Kurudi kulikuwa vumbi tupu.

Alhamisi: Kalokol

Kalokol ni rahisi zaidi na mwenye siku moja tu aende huko. Matatu za Lodwar hadi Kalokol zilikuwa KSh 400, mwendo wa saa moja hivi, na nguzo ziko kando ya barabara kabla ya kufika mjini. Mwambie konda "kwenye mawe yanayocheza" na atakushusha. Kijana wa jirani alituzungusha, tukampa KSh 500. Nenda asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kurusha mchanga.

Nguzo ni 19, za basalti iliyopasuka yenyewe kwa pembe, kama umbo la penseli. Zimeinama huku na huku. Juu ya vichwa vyake wapita njia huweka vijiwe, na tulikuta vingine vipya kabisa. Kijana alitusimulia habari inayojulikana na kila mtu hapa: watu walikuwa wakicheza ngoma, akaja mgeni wa ajabu, wakaambiwa wasimcheke, wakamcheka, wakageuka mawe. Alisimulia kwa heshima, ameshika shina la nguzo moja kama mtu anayemshika ndugu yake begani.

Nguzo hizi zilipata jina duniani mwaka 1978, B. M. Lynch na L. H. Robbins walipoandika kwamba zimepangwa kufuata nyota zinazotumiwa na Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, kwenye kalenda yao, na kwamba zilijengwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari ilipendwa sana na mpaka leo utaikuta inarudiwa. Lakini Robert Soper alipima upya, akaandika mwaka 1982 kwamba vipimo vya awali vina kasoro. Basalti ina usumaku, na dira ikisogezwa karibu nayo sindano inapotoka. Nilijaribu kwa dira ndogo ya mdogo wangu. Niliisogeza taratibu kwenye nguzo mojawapo na sindano ikayumba waziwazi. Kisha vipimo vya kaboni vya miaka ya karibuni vikaonyesha kuwa Kalokol ni ya zamani zaidi, rika moja na Lothagam, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Kwangu habari hii ni kubwa kuliko ile ya nyota. Ina maana palikuwa na makaburi kadhaa ya namna hii kuzunguka ziwa kwa wakati ule: Lothagam, Manemanya na Kalokol magharibi, na Jarigole upande wa mashariki karibu na hifadhi ya Sibiloi. Watu wa pande zote za maji walikuwa na desturi moja.

Kutoka hapo tulipanda bodaboda hadi Kalokol mjini. Kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado kipo, kikubwa na kitupu. Miaka ile ziwa lilirudi nyuma na ghuba ikakauka. Miaka ya karibuni limepanda tena na kufunika nyumba za watu. Mvuvi aliyetuuzia sangara alituonyesha kwa kidole mahali jiko la mama yake lilipokuwa, palipokuwa na mawimbi sasa. Ziwa hili halijaacha kuwahamisha watu.

Ijumaa na kuendelea: kurudi kupitia Nakuru

Lodwar hadi Kitale salama, hakuna tairi lililopasuka. Lokichar tulisimama kununua maji tu.

Tulikatisha safari Nakuru makusudi, kwa ajili ya Hyrax Hill, mahali Mary Leakey alipochimba kuanzia 1937. Ni kilometa chache kutoka mjini, na kuna jumba dogo la makumbusho na njia ya kutembea. Wafugaji wa baadaye, vizazi vingi baada ya Lothagam, walizika hapa chini ya mawe, na wanawake waliwekewa bakuli na sahani za mawe. Si mbali, kwenye pango la Mto Njoro, Mary na mumewe Louis Leakey walichimba mwaka 1938 mabaki ya watu kama 80 waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, pamoja na bakuli, michi na mawe ya kusagia, na shanga nzuri za kalsedoni. Hao waliishi karibu miaka 3,000 iliyopita.

Shanga zinaendelea, mawe yanaendelea, lakini nguzo hakuna. Niliitembea Hyrax Hill yote nikilifikiria hilo. Kadiri ufugaji ulivyoshuka kusini, kupita Bonde la Ufa hadi Manyara na Ziwa Eyasi, hakuna aliyejenga tena jukwaa la mita 30 na kuzika mamia ya watu pamoja. Watafiti wa Lothagam wanasema kaburi lilifungwa wakati ziwa lilipokuwa linakaribia kutulia na ufugaji umekwishashika mizizi. Walioendelea mbele walikuwa na malisho mapana na majirani wachache, na kila kundi likawazika wafu wake lilipokuwa. Nadhani haja ya kurudi mahali pamoja ndiyo iliyosimamisha zile nguzo, na haja ilipokwisha, mikono ikapata kazi nyingine. Mwaka huu nitawafundisha kidato cha kwanza hivyo, nikiwa na picha za mdogo wangu ubaoni.

Kwa atakayepita njia hii: Hyrax Hill inatosha saa mbili. Matatu ya Nakuru kwenda Nairobi ilikuwa KSh 600, na kama unatoka Nairobi mwambie konda mapema unashukia njia panda ya Hyrax Hill, kwa sababu gari hazipunguzi mwendo pale na ukichelewa utajikuta katikati ya mji.